Mawe Matano ya Zahanati

Mwajabu alikuwa juu ya dungu, akiamia ndege wasimalize mpunga wake, alipoyaona mawe matano ya msingi yakipita kwenye tuta, moja nyuma ya jingine, kuelekea shuleni. Aliyajua vizuri. Kila uchaguzi Mheshimiwa Ukasha, mbunge wao, alikuja kitongojini kwao, huku kwenye visiwa vya delta, na jiwe jipya la zahanati lililochongwa jina lake, akaliweka, akala wali, akaondoka. Zahanati yenyewe haikupata hata ukuta.

"Msinikanyagie mpunga," aliyaambia, nayo yakasogea pembeni.

Akateremka, akayafuata. Shuleni ilikuwa imefika kamati ya kukusanya maoni ya kubadili Katiba, na Mwajabu alikuwa na lake la kusema. Binti yake Salama alikuwa na mimba ya miezi minane. Mimba ya kwanza, uchungu ulimshika maji yamekupwa. Walimbeba topeni saa nzima kuifikia boti, mtoto akazaliwa humo humo, akaishi mpaka gati la Nyamisati tu. Mwajabu hakuwa tayari kuzika mjukuu mwingine.

Mawe yalikaa benchi la mbele. Idrisa, karani aliyetoka Kibiti, alifungua daftari la mahudhurio akayasoma.

"Yote jina moja. Mama, niandike mmoja au watano?"

"Andika watano, mwanangu. Ahadi ndiyo moja."

Zamu yake ilipofika, Mwajabu alisimama. "Rais tumemwekea vipindi viwili. Mbunge naye awekewe vyake, viandikwe kwenye Katiba. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wetu yuko siku ya tano, na bado twampikia wali."

Watu wakacheka. Mawe yalipoulizwa yaligonga kwa pamoja, benchi likavunjika. Idrisa akaandika: yameafiki.

Kamati ikaondoka na maoni yake. Mawe hayakurudi kwenye kiwanja cha zahanati. Yalishuka mtoni, yakajipanga kama daraja juu ya tope, yakajinyoosha kadiri yalivyoweza, kuelekea kwenye maji ya kina. Wiki tatu baadaye, uchungu ulipomshika, Salama alipita juu yake kwenda kwenye boti, viatu mguuni. Hatua ya mwisho haikuwa na jiwe, kwa hiyo Haruna mwenye boti alimbeba. Alijifungua hospitalini Mchukwi, mtoto wa kike, kilo tatu na robo. Mwajabu alilia kwa furaha mpaka muuguzi akamletea kiti.

Majibu ya Katiba hayajarudi. Mheshimiwa alishinda tena, akaja na jiwe la sita, akakuta kiwanja kitupu. Mwajabu, mjukuu mgongoni, alimpeleka mpaka mwisho wa yale matano.

"Weka hapa, baba. Pamepungua hatua moja."

Aliliweka, suruali kaikunja magotini, akatoa hotuba yake ile ile ya zahanati. Halafu akatazama mbele.

"Na la uchaguzi ujao, mama, nitaliweka wapi?"

"La saba halina pa kukaa, baba," Mwajabu alisema. "Mbele ya hapo ni maji."