Sikio la Kushoto la Naetwe

1.
TANGAZO KWA WAZAZI WA CHEKECHEA
Kuanzia Jumatatu, lugha za kikabila haziruhusiwi darasani wala nyumbani. Mzazi atakayekiuka atakuwa anamrudisha mtoto nyuma.
Mwalimu Mkuu

2.
Mimi Namsifu, mama yake Naetwe, nililibandika tangazo hilo ukutani mwenyewe.
Naetwe ana miaka minne na nusu. Alilelewa na bibi yake Upareni hadi Januari nilipomleta mjini. Alikuja na nyimbo za kutwangia, hadithi za sungura, majina ya ndege wote.
Vyote kwa Kipare.
Ungekuwa wewe, ungefanyaje?

3.
Daftari la Mwalimu Penzila
Jumatatu: Naetwe analia, anashika kichwa. Anasema kilugha. Nimemwambia aseme vizuri.
Jumanne: Amerudia. Amekalishwa peke yake nyuma.
Jumatano: Ametulia. Maendeleo mazuri.

4.
Jumatatu hiyo jioni alinivuta kanga, akaniambia jambo kwa Kipare. Nilimwelewa. Neno kwa neno nilimwelewa: sikio linaniuma.
"Sikusikii," nikamjibu. "Sema Kiswahili."
Akanitazama. Akatafuta neno. Shuleni walikuwa hawajafika kwenye viungo vya mwili. Walikuwa kwenye rangi.
"Nyekundu," akasema.
Nikampigia makofi.

5.
Alhamisi, homa. Shingo imekakamaa. Hospitali.
"Punje ya haragwe," daktari akasema. "Imevimba humo ndani, imeoza. Ina siku ngapi?"
"Sijui."
"Mtoto mkubwa hivi hakusema?"
"Hakusema."

Hakusema.

Mungu wangu, nilijibu hivyo.

6.
Punje imetolewa. Kama sikio la kushoto litasikia tena, watatuambia baada ya wiki mbili.
Lakini hilo silo linalonitetemesha. Tangu Jumatano, Naetwe hajatamka neno. La lugha yoyote.

7.
Simu ya bibi yake, kutoka Upareni:
"Mpe mjukuu wangu niongee naye."
"Haongei, mama."
"Haongei na nani?"
"Na yeyote."
"Na wewe unamsemesha kwa lugha gani, Namsifu?"

 



8.
Saa nne asubuhi, wodi ya watoto. Nakaa upande wa sikio zima. Namwinamia, naanza, kwa Kipare, kwa mara ya kwanza tangu Januari:
"Mwanangu, naomba uni..."
Naetwe anashtuka. Anatazama mlangoni, anamtazama nesi, anatazama tena mlangoni.
Kisha ananifunika mdomo kwa kiganja chake, haraka, kwa nguvu zote, asije mtu akanisikia.