Kina cha Mwisho

Shekinah alipopiga simu akiomba maneno yanayoishia na -isho, Faida hakuuliza ya nini. Yeye ndiye mtunzi wa kwaya, na huyu ni binti wa mama yake mdogo. Akiwa kwenye treni pale kituo cha Cedar-Riverside alimchambulia: malisho, mahali kondoo hushiba; kiburudisho, kile kinachopoza roho. Hata mizani alimsawazishia.

"Asante, Yaya, dada yangu mkubwa. Kina cha mwisho nitajitafutia."

Jumapili, kanisani Blaine, mchungaji alisema kuna uchumba wa kutangazwa. Shekinah akasimama kuimba. Kama desturi yao, kila mstari Faida aliudaka kwanza, ndipo kwaya ikaitikia. Alikuwa akitabasamu, mpaka mstari wa mwisho.

"Mpenzi wangu Mugisho."

Mugisho huyohuyo, aliyekula bukari, ugali wa kwao, kwa Faida juzi tu akimwapia kwamba atamletea posa baada ya Pasaka, akainuka akiweka tai sawa.

Kwaya nzima ikamgeukia Faida. Akafumba mdomo, akashuka jukwaani, na jina lile likabaki hewani bila wa kuliitikia.