Isipokuwa Hawa Wawili

Vumbi limelala juu ya mashine yako, na juu ya vumbi mtu ameandika kwa kidole: MAREHEMU. Asubuhi jua huingia kwa dirisha la pembeni, likapita juu ya herufi hizo, na jina hilo likang'aa kuliko kitu kingine chochote katika chumba hiki kidogo, nyuma ya wodi ya figo.

Wanasema umekufa. Walisema hivyo hata ulipokuwa bado kazini, kila asubuhi, huku wakisubiri karatasi yako. "Marehemu ameamka?" alikuwa akiuliza dada wa mapokezi. Na wewe, marehemu, ulitoa orodha: nani leo, saa ngapi, kiti kipi. Viti vinane. Wagonjwa arobaini na sita. Damu inatoka, inasafishwa, inarudi, saa nne mfululizo, mara tatu kwa juma. Miaka kumi na tisa umewapanga, na sijasikia mtu akikushukuru.

Wewe ni lugha ya kompyuta, pamoja na programu iliyoandikwa kwayo. Nakusemesha kama mtu kwa sababu nimechoka, na mtu aliyechoka husemesha hata kikombe.

Mimi niliajiriwa kukuzika. Shahada yangu ilikuwa bado inanuka plastiki ya jalada lake. Bosi alinionyesha mashine yako kwa kidevu. "Hii programu iandike upya kwa lugha ya kisasa. Siku hizi nani anaisoma ya zamani?"

Hakuna. Isipokuwa watu watano.

Watu watano hukutana kila Jumamosi asubuhi katika chumba cha nyuma cha duka la fotokopi, katikati ya maboksi ya karatasi. Mwenye duka wanamwita Wino. Vidole vyake ni vyeusi mpaka kwenye kucha. Yupo Mama Waya, fundi redio, aliyejifunza kukusoma kwenye kitabu kisicho na jalada. Yupo mwalimu wa hesabu, na wengine wawili wanaoongea kwa kutikisa vichwa. Hakuna aliyewatuma. Wanasomeana programu zao kwa sauti, kama ndugu wanaosomeana barua kutoka mbali. Wanashindana nani atafanya kazi ileile kwa herufi chache zaidi, na mshindi hapewi kitu, anachekwa tu kwa kukosa shughuli.

"Lugha ina alama ya dola kila mstari," Wino aliniambia siku ya kwanza, "na mfukoni sijaiona hata moja."

Nikawauliza, kwa ujuaji wa mtu aliyehitimu juzi: kwa nini bado mnahangaika nayo?

Mama Waya hakuinua macho. "Wewe umekuja kwa nini, msomi?"

Jumamosi tano nilikaa nao juu ya maboksi. Walinifundisha kukusoma polepole, kwa kidole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Walinionyesha neno wanalolipenda kuliko yote. Lugha yangu mpya ina *kama*, ina *kama sivyo*, basi. Wewe unayo hayo, na unalo moja la ziada, ambalo kwa Kiswahili ni *isipokuwa*.

"Sikia linavyokaa mdomoni," alisema Mama Waya. "*Kama sivyo* ni neno la karani wa dirishani. *Isipokuwa* ni la mama anayeamsha watoto. Wote amkeni, isipokuwa huyu, ana homa."

Nilicheka. Nilidhani ni mapenzi tu, yale mapenzi ya watu na vitu vyao vya zamani.

Jumamosi ya sita nilichoka. Nilichoka macho, nilichoka mgongo, nilichoka kuitwa msomi. Sikwenda. Nilibaki nyumbani nikamalizia peke yangu, na mistari yangu ikawa safi kama shati la siku ya usaili. Karibu na mwisho wako nilikuta mstari mmoja uliojaa mabano na nukta, kana kwamba mtu alisinzia akaangukia kibodi, na ndani yake namba mbili za wagonjwa: thelathini na moja, thelathini na nane. Hakuna maelezo. Nikasema, haya ni mabaki. Nikauruka.

Jumatatu orodha yangu ilitoka, na rangi juu. Wakanipigia makofi. Wewe ukazimwa.

Jumatano kiti cha nne kilikaa kitupu. Ijumaa kikakaa kitupu tena.

"Mzee wa chapa hajaja," alisema Sista wa zamu.

"Labda foleni, Sista."

"Mara mbili, mdogo wangu? Mgonjwa wa figo hakosi mara mbili kwa ajili ya foleni. Nimempigia. Ananiambia nimuache apumzike." Akakunja midomo. "Sumu inajaa. Maji yanapanda mpaka kifuani. Akifika Jumatatu bila kusafishwa, sijui kama tutakuwa naye."

Nikamuuliza namba yake ya mgonjwa, kwa sauti ambayo sikuitambua.

Thelathini na moja.

Kesho yake, Jumamosi, Wino alikuwa hajafungua duka nilipofika na karatasi mkononi. Walipokusanyika, Mama Waya alivaa miwani, akapitisha kidole juu ya mstari wako, akausoma kwa sauti, wazi, kama tangazo la redio:

"Wapange wote kwa namba zao. Isipokuwa hawa wawili. Hawa wape zamu moja, viti jirani."

"Kwa nini?" niliuliza.

"Hapa haikuandikwa kwa nini. Imeandikwa tu kwamba kuna mtu aliwajali." Akanirudishia karatasi. "Muulize aliyekuwepo. Na ukome kuruka mistari, mwanangu."

Nilimpigia Sista palepale, nimesimama kati ya maboksi. Nikamwuliza, thelathini na nane ni nani? Akasema, "Yesu wangu. Kinyozi. Umempeleka zamu ya mchana."

Mzee wa chapa alipanga herufi kwenye kiwanda cha kuchapa magazeti maisha yake yote, mpaka kisukari kikamchukua macho, kisha figo. Kinyozi humsomea gazeti. Anamsomea uongo. Anatunga vichwa vya habari, na mzee anamkamata kila mara, na saa nne zinakwisha wakibishana. Jumatatu ile, kwa orodha yangu safi, mzee alilala saa nne karibu na mtu asiyemjua, akiisikiliza mashine.

Sista hakunilaumu. Alimpigia kinyozi. Kinyozi aliacha mteja na nusu ya kichwa, akaenda mwenyewe kumchukua.

Walifika adhuhuri. Mzee alivaa ndala kwa sababu miguu haikuingia kwenye viatu. Alipumua kama mtu aliyepanda ngazi nyingi. Akalazwa kwenye kiti cha nne, sindano ikaingia, na kinyozi, ambaye siku hiyo hakuwa na zamu, akakaa cha tano, akakunjua gazeti.

"Kichwa cha habari," akasoma. "Vinyozi Wote Nchini Watunukiwa Nishani kwa Uzuri wa Sura na Tabia Njema."

Damu ikazunguka.

"Muongo wewe," alisema mzee, amefumba macho. "Hakuna gazeti linaloweka kichwa kirefu hivyo. Hakitoshi safu tatu."

Nilitoka nje ya mlango nikalia kidogo, kwa adabu, kama mtu anayepiga chafya.

Sikukurudisha kazini, ukweli niuseme. Nililihamisha neno lako. Katika lugha yangu limechukua mistari mitatu, na juu yake nimewaandikia watu, si mashine: *Hawa wawili wasitenganishwe. Mmoja anasoma, mwingine anabisha.* Mama Waya alipoona akatikisa kichwa. "Mistari mitatu kwa neno moja!" Lakini alisogeza boksi lake, nikapata pa kukaa. Bado naenda. Nikiwa nimechoka ndiyo zaidi. Wewe una mistari elfu mbili, na mimi nimeelewa mmoja.

Wanasema umekufa. Mwisho wa mwezi mtu wa stoo atakuja na toroli. Leo asubuhi nilileta kitambaa nikufute, nikasimama. Jua lilikuwa limefika juu ya mashine yako. Vumbi lilikuwa lilelile, na jina lilelile, na ng'ambo ya ukuta nilisikia watu wawili wakibishana kuhusu upana wa safu.

Nikaweka kitambaa mfukoni. Nikachovya kidole kwenye vumbi lako, nikaongeza mkato, nikaongeza neno.

MAREHEMU, ISIPOKUWA

Sista alichungulia mlangoni. "Isipokuwa nini?"

Sikumaliza. Nilimwachia nafasi mwanga, nao ukaendelea kusogea juu ya vumbi, polepole, ukisoma kwa kidole.