Spana Anamwimbia Twiga

Msusi wa nyumba ya jirani hakubisha hodi. Aliingia na kitana bado kimechomekwa nyweleni, akajitupa kwenye kochi, akasema, "Shoga, kaa chini. Mumeo anaimba."

Bi Fundo alikuwa anapiga pasi. Mumewe alikufa akazikwa tangu binti yao yuko shule ya msingi, na hata alipokuwa hai hakuwahi kuimba. Mluzi labda, tena mluzi wenyewe wa kukwamakwama.

"Anaimba wapi?"

"Jukwaani! Kwenye ule mchezo wa nyimbo, ule wa kiwanda. Nimetoka kuutazama sasa hivi, onyesho la majaribio. Wamemtafutia kijana mzuri huyo, kifua hiki hapa, spana mkononi. Akifungua kinywa, watu wanatafuta leso. Lakini shoga..." Msusi akashusha sauti, utadhani kuna mtu wa tatu chumbani. "Hakuimbii wewe. Anamwimbia Twiga."

Pasi ilibaki palepale ilipokuwa. Kilichowashtua baadaye ni harufu ya gauni linaloungua.

Sasa tuelewane, maana jambo hili lina mizizi na mimi sipendi kumwacha mtu njiani. Kiwanda cha nguo, kabla hakijafungwa, kilipigwa filamu. Si filamu za kuigiza, la. Zile wanazoita dokumentari, watu wenyewe kwenye kazi yao wenyewe. Bi Fundo alikuwa mfumaji humo, na jina hilo alilipata kwa sababu uzi ukikatika, yeye alikuwa amekwisha kuupiga fundo kabla mwenzake hajajua umekatika wapi. Mumewe alikuwa fundi wa mitambo; wote walimwita Spana. Na Twiga ndiye aliyekuwa mashine ya kumkabili, ng'ambo ya ukumbi, shoga yake wa kufa na kuzikana, mwanamke mrefu ambaye kichwa chake kilionekana juu ya mitambo yote. Muda mfupi baada ya filamu kupigwa, Spana alianguka ghafla akafa. Na msibani Twiga alilia kuliko mjane.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Bi Fundo alikuwa amekwisha kuwaona, Spana na Twiga, wakisemezana pembeni ya mashine na kunyamaza yeye akitokea. Alikaa na fundo lake moyoni. Alipomwona yule mwanamke anagaagaa juu ya jeneza, likafumuka. Alimwita malaya mbele ya mawifi na wakwe, akamwambia kikulacho ki nguoni mwako, na Twiga akaokota kanga yake akaondoka bila kujibu neno. Tangu siku hiyo hawakusalimiana tena. Wakikutana sokoni, mmoja hubadili njia.

Filamu yenyewe Bi Fundo hakuitazama hata siku moja. "Sitazami maiti inatembea," alisema, na watu wakamwelewa.

"Wimbo wenyewe unaitwaje?" aliuliza sasa, akiwa ameshika gauni lenye tundu.

"'Usiniache.' Wanashikana mabega hivi, mashine zinanguruma nyuma yao. Na wewe umo, shoga, usidhani umesahauliwa. Umesimama kona umefunga kitambaa chekundu, unaona yote, unaugulia ndani. Maskini, nilikuonea huruma!"

Ajabu ya Mungu! Kuibiwa mume kuko, lakini kuibiwa mume kwa vinanda, kwa viingilio, watu wanapiga makofi?

Binti yake aliporudi kutoka duka la dawa anakofanya kazi, alimkuta mama yake amekaa na kadi ya mwaliko mapajani. Kadi hiyo ililetwa na mwongozaji wa mchezo, kijana mwenye adabu zake. Viti viwili mstari wa mbele, Jumamosi.

"Umekwisha kusikia," binti alisema.

"Ulijua?"

"Nilisikia tetesi. Nilidhani tukienda pamoja itakuwa nafuu."

"Nafuu! Mwanangu, nikienda nitakaa pale mbele na mji mzima unanihesabia machozi. Nisipoenda watasema, mnaona, kakimbia, kumbe kweli. Lisemwalo lipo. Nimebanwa huku na huku kama nguo kwenye rola."

Binti alikaa karibu naye. "Basi tuitazame filamu kwanza. Hao wa mchezo wametoa yote humo. Ikiwa wamemzushia baba, tutakwenda kuwaambia wafute. Ikiwa hawakumzushia..."

"Malizia."

"Ikiwa hawakumzushia, hatuendi, na nitakuwa upande wako."

Bi Fundo alikubali. Nadhani alichoka kuogopa. Binti akaweka kompyuta juu ya meza ya chakula, akafunga pazia kwa sababu jua la mchana lilipiga kwenye kioo, na kiwanda kikaanza kunguruma.

Hapa sharti niwaambie jambo moja la wafumaji. Mle ukumbini kulikuwa na kelele ambayo hata ukimpigia mwenzako ukelele sikioni, hasikii. Kwa hiyo walisoma midomo. Neno hufinyangwa lote mdomoni, pole pole, na aliye upande wa pili wa ukumbi hulichukua kama amenong'onezwa. Walimsengenya msimamizi mbele ya macho yake naye akidhani wanatafuna. Na kulikuwa na sheria moja: ukitaka kumkatia mtu maneno, unageuza uso. Basi. Hakuna tusi lililoshinda hilo, maana aliyegeuziwa uso hana tena pa kupitia.

Wapiga filamu hawakuyajua hayo. Waliona midomo inacheza, wakadhani wafumaji wanaimba kimoyomoyo, wakaweka sauti ya zumari juu yake.

"Huyo hapo," binti alisema.

Spana alitokea na ovaroli yake iliyopasuka mfukoni. Bi Fundo alijishika kifua. Alikuwa kijana! Amesahau kwamba mumewe alikuwa kijana. Kwenye kioo Spana alijiinamia nyuma ya mashine, akajifuta mdomo kwa kitambaa, akakikunja haraka. Twiga akamsogelea. Wakatazamana. Zumari likalia, na ukweli usemwe, mtu yeyote angeona mapenzi matupu.

Lakini Bi Fundo si mtu yeyote. Macho yake yalikwisha kushika midomo kabla moyo haujamkataza, na akaanza kusema kwa sauti, kama mtu anayesoma kibao barabarani.

"'Damu tena?' Huyo ni Twiga. 'Tena. Tangu juzi.'"

"Mama?"

"Nyamaza. 'Mwambie mkeo.' 'Akijua atanitoa kazini. Msimamizi naye akijua, ananifukuza. Tutakula nini?' 'Mwambie leo, au namwambia mimi.'"

Kwenye kioo Spana alicheka, kicheko kile ambacho baadaye kilifanywa wimbo, akaweka mkono begani mwa Twiga.

"'Ukimwambia, umeniua.'"

Binti alisimamisha picha. "Baba alikuwa mgonjwa? Si walisema moyo ulisimama tu?"

"Mficha maradhi..." Bi Fundo alianza, na methali ikamshinda njiani. Miaka yote hiyo! Amemla yule mwanamke nyama mbichi, kumbe walikuwa wanabishana juu ya kitambaa cha damu. Alihisi joto la furaha, ndiyo, furaha, mumewe alikuwa wake. Halafu furaha ikageuka hasira: kwa hiyo Twiga alijua. Alijua akanyamaza, akamwacha mwenzake anapika uji na kufua ovaroli huku mtu anakufa ubavuni.

"Mnyama yule," alisema. "Afadhali angenichukulia mume kuliko kunificha hilo. Endeleza."

"Mama, tupumzike."

"Endeleza, nimesema!"

Picha ikaendelea. Spana aliondoka. Kamera haikumfuata, ilibaki na Twiga, pengine kwa sababu ya urefu wake, kwa vile alivyopendeza juu ya nyuzi zote zile nyeupe. Twiga aligeuka kutazama ng'ambo ya ukumbi, akafungua kinywa wazi kabisa, vile wafumaji wanavyomfunza mgeni.

Bi Fundo hakusoma kwa sauti tena.

"Anasema nini?" binti aliuliza.

Midomo ya Twiga ilikuwa inasema, Fundo. Fundo, nitazame. Mumeo anatema damu. Mpeleke hospitali. Akarudia. Akainua mkono, akaupunga, akarudia tena. Kamera ikafuata mkono huo polepole, bila kukata, ikapita juu ya mitambo hadi upande wa pili, ikamkuta mwanamke aliyefunga kitambaa chekundu. Mwanamke yule alimtazama Twiga mwanzo tu, pale pa jina lake. Kisha akageuza uso ukutani, na kidevu juu.

Zumari lilikuwa bado linalia.

"Nilidhani anataka kuniomba radhi," Bi Fundo alisema. "Nilikuwa nimewaona wakishikana mabega. Nikasema, sikupi nafasi hiyo. Lahaula! Nikageuza uso. Alikuwa ananiambia nami nikageuza uso."

Binti alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Alipovitoa, aliongea kama mtoto. "Mama, alikuja hata nyumbani, kabla baba hajafa. Yule mama mrefu. Ulikuwa chumbani ukaniambia niseme hupo. Akauliza, kweli hayupo? Nikasema kweli."

Kwenye kompyuta watu walikuwa wanatoka kazini, wanacheka, wanapungia kamera.

Twiga alikuwa anaishi nyuma ya soko la samani, chumba na sebule, akishona foronya za kuuza. Aliwafungulia mlango na sindano mdomoni. Alimwona binti kwanza, akataka kutabasamu, halafu akamwona aliye nyuma yake, na sindano akaitoa.

"Nimeitazama," Bi Fundo alisema, hata salamu hakuna.

Uso wa Twiga ulimshuka. Mtu angetegemea afurahi, si ndivyo? Amesafishwa. Badala yake alimkaripia binti: "Wewe ndiye uliyemwonyesha? Umemwonyesha mama yako kitu kile? Huna akili?"

"Usimgombeze mwanangu. Nijibu mimi. Nilikuita malaya mbele ya wakwe zangu, ukaokota kanga yako ukaenda. Kwa nini hukusema?"

"Kaeni kwanza."

"Sikai!"

"Kaa, Fundo, utaanguka."

Akakaa. Twiga naye akakaa, goti kwa goti maana chumba chenyewe kidogo.

"Ningesema nini, mwenzangu? Mtu kashazikwa. Niseme nilikuambia ukageuza uso? Nilikujua. Ungekwenda kujitupa mahali, na mtoto huyu angelelewa na nani? Nikaona, basi, anichukie mimi. Mtu anayechukia hula akashiba, hulala. Anayejilaumu halali."

"Watu walikusema mji mzima."

"Walinisema. Wakachoka. Mwanaume mmoja aliacha kunioa kwa ajili hiyo, lakini hata hivyo alikuwa mlevi." Twiga alicheka kidogo, peke yake.

Bi Fundo hakuweza kucheka. "Na huu mchezo? Hawa watoto wa jukwaani wamepata wapi habari ya mapenzi? Nani kawaambia?"

Twiga alishika foronya, akaanza kutafuta mahali alipoishia kushona.

"Nani kawaambia, Twiga?"

"Mimi."

"Wewe!"

"Yule kijana mwongozaji alikuja. Alikaa hapo ulipokaa. Akasema, mama, mlikuwa mnasemezana nini pale? Maana tunataka kutunga wimbo wa mahali pale, na wa pale unapopunga mkono. Alikuwa ameanza kutafuta wafumaji wa zamani wa kumsomea midomo. Nikaona huyu atafika tu kwa mwenye macho. Nikamwambia aache kuhangaika, tulikuwa wapenzi, na pale nilikuwa namsuta mke wake. Akafurahi mno, akaandika."

"Umejiita hawara mwenyewe? Kwa kinywa chako?"

"Ningemwambia kweli, wangeiimba," Twiga alisema. "Ungekaa mstari wa mbele unaisikia kwa ngoma."

Bi Fundo alimtazama mwanamke huyu aliyezeeka, miwani imefungwa kwa uzi, mwanamke ambaye yeye alikuwa akimkimbia sokoni, na akalia kilio ambacho hakukilia msibani. Twiga alimshika kichwa akakilaza begani mwake, akisema, "Basi, basi, mambo yenyewe ya zamani, Fundo, basi."

Alipopata pumzi, Bi Fundo alijifuta uso kwa foronya mpya ya watu, akamgeukia binti.

"Mpigie huyo kijana."

"Nani, mwongozaji?"

"Mpigie."

Twiga aliruka. "Unataka kumwambia nini? Acha, nakuomba. Mimi wameshanizoea hivi. Ukisema, watakuimba wewe. Uso wako unageuka, kila jioni, na watu wamekaa wanautazama. Utaweza hilo?"

"Siwezi," Bi Fundo alisema.

"Basi acha."

"Siwezi, lakini na waimbe."

Simu ilikuwa imekwisha kuita; binti akampa mama yake. Upande wa pili kijana alipokea kwa furaha, akamwamkia, akauliza kama Jumamosi watafika. Twiga alinyoosha mkono kuichukua simu. Bi Fundo akaushika mkono ule akaubana mapajani pake, asiuachie.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Tutafika, mimi na Twiga, tutakaa kiti kwa kiti. Lakini ule wimbo wenu si kweli. Nilikuwepo. Chukua kalamu, nikwambie alichokuwa anasema."