Teksi Aliyoniitia Mwanangu

"Usipande basi, Mama, nimeshakuitia teksi kwa programu ya simu," alisema mwanangu kutoka huko ng'ambo anakofanya kazi. Basi la hospitali lilikuwa mbele yangu, kondakta ananihimiza nipande. Nikampungia mkono aende zake, ingawa lingine hupita jioni. Dada yangu alitaka anione kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji.

Teksi nyeupe ikasimama mbele kidogo. Kabla sijajikongoja kuifikia, mama mmoja akajitoma ndani, ikaondoka.

Simu ikalia. "Umekaa vizuri, Mama? Naona mmeshapita sokoni."

"Nimepita sokoni kwa miguu ya nani? Niko kituoni nakaangwa na jua!"

Akashtuka. Akampigia dereva, hapokei. Nikamwambia aite teksi nyingine, upesi.

"Programu inakataa, Mama. Inasema bado uko safarini."

"Iambie mimi ndiye mamako, na niko hapa!"

"Haisikii, Mama."

Tukabaki tumeshika simu, yeye anaangalia gari kwenye ramani, mimi naangalia barabara tupu.

"Gari limefika hospitali," akasema kwa sauti ndogo. "Sasa wenye teksi wananiuliza safari yako ilikuwaje."