Ukuta wa Chumba cha Mama Marthe

Mwaka ule mvua ya mwezi wa nne ilizidi, na doa likatokea kwenye ukuta wa chumba cha Mama Marthe, hapa Baraka. Lilianzia chini, karibu na sakafu, likapanda polepole hadi usawa wa mto wake wa kulalia.

Mama Marthe alikuwa mjane wa miaka sabini na miwili. Aliishi na binti yake Arlette, mwalimu wa shule ya msingi, katika nyumba ambayo marehemu mumewe, Anatole, aliijenga kwa matofali ya udongo yasiyochomwa. Kila siku baada ya chakula cha mchana alilala ubavu akiutazama ukuta. Mvua ikinyesha juu ya manjanja, yale mabati ya paa, mwanga wa chumba ulififia ukawa kama wa chini ya maji, na lile doa likageuka ufuko. Aliona ghuba na mchanga, na wanawake wakianika ndagala, samaki wadogo wa ziwa. Alimwambia Arlette kwamba pale ni Kazimia, alikozaliwa, ambako hakurudi tangu aolewe.

Arlette alijilaza kando yake ili amridhishe. Muda si muda naye akauona ufuko. Mitumbwi ilikuwa ikiondoka bila sauti, hata akahisi kitanda kikiyumba kidogo. Hakujua alisinzia saa ngapi. Alipoamka, mgongo wa gauni lake ulikuwa umelowa kwa unyevu wa godoro.

Siku hiyohiyo alilisogeza kabati. Nyuma yake kuvu jeusi lilikuwa limetambaa hadi kwenye nguo za kanisani. Halafu kikohozi cha mama, alichokuwa akikidhania cha baridi tu, kikakataa kwisha. Muuguzi wa kituo cha afya aliwaambia kwamba dawa peke yake haitatosha, chumba lazima kikauke.

Arlette akamwita fundi Isidore, mtu wa Kilembwe, mpole, asiyesema kabla ya kugusa. Alizunguka nyumba mara mbili, akachimba kidogo kwa kisu nje ya chumba kile, akarudi na udongo mweusi kiganjani.

"Maji haitoke juu," alisema. "Inatoka huku chini. Mulirundika udongo ku kibambazi, ku huu ukuta, ili mupande maua, na ile simenti ya inje inafungia maji ndani. Nyumba inakosa pa kupumulia."

Maua yale aliyapanda Anatole mwenyewe, na simenti aliipaka mwaka wa mwisho wa maisha yake, akijivunia kwamba nyumba sasa inafanana na za watu wakubwa. Arlette hakumweleza fundi hayo. Alimwuliza tu kazi inaweza kuanza lini, naye akajibu kwamba ni mvua zikiisha.

Mama Marthe alikataa. Aliomba wangoje mwaka mwingine. Alishika mkono wa binti yake, akasema kwa sauti ndogo, "Usifute ile. Mi niko naona kwetu pale."

Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tano, mama akiwa misani, Arlette alitoa kitanda chumbani na kumfungulia Isidore mlango. Wakabandua simenti, ya nje na ile ya ndani yenye doa. Chini yake udongo ulikuwa laini kama ugali. Katika siku zilizofuata waliondoa maua na kifusi chake, wakachimba mfereji wenye mawe uteremkao hadi njiani, wakaongeza manjanja ili paa litokeze mbali zaidi na ukuta.

Jumapili ile mama aliporudi kutoka misani alisimama mlangoni, akautazama ukuta ulio uchi. Alilala sebuleni siku mbili bila kumtazama binti yake, na Arlette alifundisha siku hizo mbili akisahau majina ya wanafunzi.

Siku ya tatu mama alimwita.

"Haikukuwa Kazimia tu," alisema. "Baba yako alikuwa pale, maji ku magoti. Kila siku alikuwa ananiita."

"Na we ulikuwa unamujibu nini?"

"Nilikuwa nasema, nakuya, uningoje." Alijiinua akaketi. "Sasa nimechoka kumujibu. Lete kiti yangu inje, ku jua."

Arlette alimpelekea kiti, kisha akaingia jikoni akalia, akiwa ameziba mdomo kwa kitenge.

Kiangazi chote madirisha yalikaa wazi. Ukuta ulibadilika rangi, ukawa wa kahawia, kisha wa rangi hafifu kama maganda ya karanga. Mwezi wa nane Isidore aliupaka tope laini lililochanganywa na mchanga, bila simenti. Kikohozi kilikuwa kimekwisha wiki tatu kabla. Mama Marthe alipanda boti kwenda Kazimia, akakaa kwa mdogo wake siku kumi, akarudi akisema kwamba kule watu wamezidi, na kwamba samaki wao wana chumvi nyingi mno.

Mvua ya kwanza ilinyesha mwezi wa tisa, mchana. Mama na binti walikaa juu ya kitanda, bega kwa bega, wakisikiliza maji yakipita mferejini kuelekea njiani. Baada ya muda Arlette aliuwekea ukuta kiganja. Mama alimwuliza uko namna gani.

"Iko mukavu," Arlette alisema.

Mama Marthe akalala, uso ukielekea dirishani.