Programu Iliyomsema Mjomba

Kazi ya yule binti ilikuwa kubuni programu zinazomsoma mtumiaji. Ukienda polepole, zinakungoja. Ukikosea kitufe mara kwa mara, kinakua. Hospitali ilipoichukua programu yake kwa ajili ya stoo ya dawa, furaha yake haikuwa ndogo, maana mtunza stoo alikuwa mjomba wake, aliyemlea tangu akiwa darasa la pili.

Baada ya wiki tatu alipita kuona mambo yanavyokwenda. Kompyuta za wengine zilikuwa zimebadilika kidogo tu. Ya mjomba ilikuwa kama bango la barabarani: herufi nene, vitufe vinne, kila kimoja mbali na mwenzake. Wenzake walishaibatiza "chekechea". Mjomba alicheka nao, mikono ameitia mifukoni.

Binti alifungua kumbukumbu za programu. Mkono wa kulia ulikuwa unatetemeka, asubuhi kuliko jioni, na kila wiki kuzidi iliyopita. Programu ilikuwa imegundua jambo ambalo ukoo mzima haukulijua, ikalianika mbele ya watu.

Alimfuata uani, akaanza habari za vitufe, akazunguka weee. Mjomba alimsikiliza mpaka akaishiwa maneno.

"Najua tangu mwaka jana," alisema. "Nilikuwa natafuta siku nzuri ya kumwambia mama yako. Mashine yako imenitangulia."

"Nikuzimie, Mjomba? Irudi kama za wengine?"

"Usiizime. Zamani nilikuwa narudia kuandika dawa moja mara tatu, roho juu. Sasa sikosei. Ila ingeniuliza kwanza. Hata kiti, mtu hasogezewi bila kuulizwa."

Marekebisho yalimchukua siku nne. Tangu hapo programu ikiona dalili huuliza kwa sentensi moja fupi, kwa herufi za kawaida, kama mtu angependa vitu vikuzwe, kisha husubiri jibu. Meneja wake alinung'unika kwamba wateja wanataka kitu kinachojua chenyewe. Binti akamjibu kuwa kinajua, ila sasa kina adabu.

Swali lilipotokea kwenye skrini ya mjomba, alijibu ndiyo, herufi zikabaki nene vilevile.

Jumapili mjomba alimweleza dada yake, mama wa binti. Dada mtu alinuna siku mbili kwa kufichwa. Siku ya tatu alivaa viatu vyake vya safari, akamsindikiza kwa daktari, na hakumwachia hata kubeba faili.